Wadogo zangu wa mipango miji, mchoro ndio unaogawa watu

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja, mchapakazi kweli, ameniletea mchoro niukague. Viwanja vya ujazo mdogo, yaani vile vikubwa vya nyumba chache, vyote kavipanga kando ya lami, karibu na bomba na shule. Vya ujazo mkubwa, vile vidogo vya nyumba nyingi zilizokaribiana, kavirundika nyuma ya reli, pembeni ya mbuga inayojaa maji kila masika. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Ndivyo michoro yote ilivyo, mzee."

Nimeumia, kwa sababu hata mimi niliwahi kujibu hivyohivyo. Basi nisikilizeni, mlioripoti mwaka huu.

1. Jueni ujazo umetoka wapi. Tangu enzi za Mjerumani na baadaye Mwingereza, miji yetu iligawanywa kanda kulingana na aina ya jengo lililoruhusiwa, na aina ya jengo ndiyo iliyoamua nani akae wapi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uhuru ulipokuja, watu walibadilika lakini vipimo vikabaki. Leo tunaandika ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, na mistari inapita palepale. Jumamosi moja tembeeni kwa miguu hapa Tabora, muanzie kwenye miembe ya upande wa Boma mpaka Ng'ambo, mkihesabu hatua kutoka mlango hadi mlango. Hilo chuo hakiwafundishi.

2. Msiniambie utengano wa makazi ni mambo ya Marekani. Ya Marekani yasomeni, tena vizuri. Huko, kuanzia 1934, serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba kwa masharti yaliyowapendelea Wazungu na kuiweka kando mitaa ya watu weusi. Baadaye ikajenga maghorofa ya maskini peke yao. St. Louis walijenga majengo 33 ya ghorofa 11 katika eneo moja, Pruitt-Igoe, na 1972 wakaanza kuyabomoa. Mwaka 1994 serikali hiyo ikajaribu njia nyingine katika miji mitano: baadhi ya familia za nyumba za serikali zikapewa hati za kusaidiwa kodi ya nyumba ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Kipato cha watu wazima hakikupanda. Ila watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13, walipokua, walipata takriban asilimia 31 zaidi ya wenzao wasiopewa hati hizo. Watoto, jamani. Ukichora mtaa, hao ndio unaowachorea.

3. Barua ya toleo, ile inayompa mtu kiwanja, ina masharti, na masharti ndiyo yanayochagua wakazi. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa halmashauri moja ya kanda hii, nina miaka miwili kazini. Tulitwaa mashamba ya wenyeji, fidia ikalipwa, na kila familia ikaahidiwa kiwanja kwenye mradi kabla ya mtu mwingine yeyote. Barua niliandaa mimi. Nikaweka siku 30, malipo yote kwa mkupuo, zikatoka Januari.

Januari! Aliyekulia mkoa huu hahitaji kuelezwa. Tumbaku bado iko shambani, watoto wanadaiwa sare na madaftari, na fidia ilishaliwa tangu mwaka uliopita.

Mama mmoja alikuja mezani kwangu. Barua ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, akalifungua kwa meno. "Baba, mimi sikatai kulipa," akasema. "Nisubirini soko la tumbaku lifunguliwe, nitalipa zote." Nikaweka kalamu kwenye tarehe nikamwonyesha. "Mama, tarehe ni hii." Akaitikia, "Haya, baba." Akaikunja vilevile, akafunga fundo.

Kabla siku hazijaisha, madalali walishatandika chini ya mwembe nje ya ofisi, wananunua barua. Waliouza wakahamia ng'ambo ya korongo, kwenye ardhi isiyopimwa. Mahali pao pakaota kuta na mageti ya watumishi na wafanyabiashara.

Na nilikuwa nimeyasoma haya. Mradi wa Viwanja na Huduma wa mkopo wa Benki ya Dunia ulianza 1974 Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na awamu yake ya pili ikafika hapa Tabora. Ulilenga watu wa kipato cha chini, lakini viwanja vingi vikaishia kwa wenye uwezo. Nendeni Sinza, Dar es Salaam, kwenye viwanja vya mradi huo, muulize bei ya kiwanja leo. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikafaulu.

Miaka mitatu baadaye tukatumwa ng'ambo ya korongo kurasimisha, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa ili yatambuliwe. Nikafika nyumba moja nimeshika tepu, na njia tuliyoichora inapita jikoni. Mwenye nyumba alikuwa yule mama. Akanitazama kitambo. "Karibu, baba. Safari hii mmeniletea tarehe gani?"

Sikuwa na jibu. Mstari mmoja tu kwenye ile barua ungetosha: malipo kwa awamu hadi Agosti. Uamuzi ulikuwa wangu, na hakuna aliyenikataza.

4. Changanyeni ujazo ndani ya mtaa mmoja. Viwanja vidogo na vikubwa vinaweza kutumia bomba moja na shule moja.

5. Kabla ya kutangaza viwanja, nendeni mamlaka ya maji mkaulize bomba linaishia wapi.

6. Kwenye mkutano wa mtaa msimsikilize mwenyekiti peke yake. Kaeni mpaka akina mama waliosimama nyuma waanze kusema.

Mchoro wa yule kijana nimeurudisha, ameomba muda hadi Ijumaa. Jana jioni nimemwona kule mbugani na mabuti yake, anamfuata mzee mmoja anayemwonyesha kwa fimbo maji hufika wapi.