Swali la lugha: Kinyume cha "anika" ni "anikua" au "anua"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kila jioni mimi na shangazi yangu tunajaza fumbo la maneno la gazeti. Juzi tulikwama kwenye wima namba 7: "Kinyume cha anika", herufi nne. Tulishapata A ya mwanzo na A ya mwisho. Mimi nilitaka "anikua", haikuenea, basi tukaandika ACHA. Mlalo unaopita hapo ulikuwa "upawa", ukageuka HPAWA. Kesho yake gazeti likatoa jibu: ANUA. Shangazi anasema wamekosea, walitaka kuandika "inua". Je, "anua" ni Kiswahili kweli? Na fumbo linafumbuliwa, linateguliwa au linatatuliwa? Tena, kwa kunong'ona: kuomba msaada ni kudanganya? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gazeti halikukosea. Anua ni Kiswahili, tena cha uani kabisa. Wingu likitanda alasiri na nguo ziko kambani, sauti inayotoka jikoni ni "Anueni nguo, mvua hiyo!" Mpunga uliokuwa juani kwenye mkeka huanuliwa kabla ya umande, na dagaa vivyo hivyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inalo neno hili, kwa maana ya kuondoa kitu kilichoanikwa.

Nadhani hata shangazi analijua kwa sikio. Maneno ya nyumbani tumezoea kuyasikia yakiwa na wenzake: anua huja na nguo, mvua, mtoto anayekimbilia kambani. Likisimama peke yake kwenye miraba minne, linaonekana geni. Halafu siku hizi wengi wetu tunasema "toa nguo kwenye kamba", maneno manne pale ambapo neno moja lingetosha. Jambo hilo linaniuma, maana anua halina mbadala: "toa" haisemi kwamba kitu kilikuwa kimeanikwa.

Sasa tuiangalie "anikua" yako, kwa sababu hukuibuni ovyo. Umeifuata kanuni ya kauli ya kutendua: funga huwa fungua, ziba huwa zibua, kunja huwa kunjua, panga huwa pangua. Mzizi unabaki, unaongezwa -u-, kilichotendwa kinatenduliwa. Kwa hesabu hiyo anika ingekuwa anikua. Kinachokwamisha ni kwamba ile -ik- ya anika si sehemu ya mzizi. Ni kiambishi, wala si kile cha vunjika au someka. Hiki cha anika kinaonyesha kukiweka kitu mahali au katika hali fulani. Mzizi wenyewe ni -an-, na -u- inakuja kukaa palepale ilipokuwa -ik-, haiji kuipanda mgongoni. Ndiyo maana hatusemi "funikua" bali funua, na kilichobandikwa hubanduliwa. Kitanda kilichotandikwa hutanduliwa. Nipendalo kuliko yote ni jozi ya twika na tua: aliyetwikwa ndoo ya maji kichwani hufika nyumbani akaitua. Twika ni tu- na -ika zilizotamkwa haraka, tua ni tu- hiyohiyo na -a mwisho.

Hapo mpe shangazi haki yake. Inua aliyoitaja imo katika ukoo huohuo: inika ni kukilaza kitu kiegemee upande, inua ni kukirudisha juu. Alikosa nyumba, mtaa alipatia.

Mwisho wa kitenzi cha kutendua una kanuni moja inayomfaa sana mjazaji wa mafumbo. Mzizi wenye irabu o huishia na -oa: unachomeka waya, unachomoa. Irabu nyingine zote huchukua -ua, hata e, ambayo watu wengi huidhania ingefuata o: tega, tegua, tenda, tendua. Kwa hiyo kidokezo kikisema "kinyume cha" na kitenzi, mara nyingi unaweza kuandika UA au OA mwishoni kwa penseli kabla hujajua neno lenyewe. Kwa penseli, nasisitiza. Si kila -ua ni ya kutendua. Kitenzi "kama" maana yake ni kutoa maziwa kwenye kiwele, na "kamua" ni kukandamiza kitu kitoe maji au mafuta; hapo hakuna kinyume chochote. Umbua si kinyume cha umba kwa maana ya kila siku. Ni kumwaibisha mtu. Pasua haina "pasa" ya kuitendua. Na vitenzi kama pika na lala havitenduliki. Wali ukishapikwa umepikwa.

Mchezo huu ulianza kwa Kiingereza. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, miraba ikiwa imepangwa kwa umbo la almasi. Mbinu nyingi zinazofundishwa mpaka leo ni za lugha ile, na mtu akizileta kwenye Kiswahili zinamchelewesha. Lugha yetu ina msaada wake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Yasiyoishia hivyo ni machache ya mkopo, kama takriban. C haikai peke yake, lazima ifuatwe na H. Q na X hazimo. N haisimami mbele ya B wala P, hapo inasimama M. Na hakuna neno la Kiswahili linaloanza na HP: ile HPAWA yenu ndiyo ingewapa habari kwamba ACHA ni mgeni pale. Neno la mlalo lililo sahihi, hasa moja la jikoni ambalo hamna shaka nalo, lina nguvu kuliko kisio la wima. Futeni la wima. U ya upawa mngeirudisha mahali pake, mngepata A, nafasi, U, A, na pengine mvua ingewakumbusha.

Angalia pia umbo la kidokezo. Kimesema "anika", hakikusema "kuanika", kwa hiyo jibu halina ku-. Kingesema "kuanika" ungehitaji miraba sita, KUANUA, ambayo ni sawasawa na urefu wa ANIKUA yako. Hapo ungeingia mtegoni bila kushtuka. Kidokezo cha wingi kinataka jibu la wingi. Ng' ya ng'ombe kwa kawaida huchukua miraba miwili, ritifaa haina mraba wake.

Nije kwenye swali lako la pili. Vitenzi vyote vitatu ulivyovitaja ni vya kutendua, na kila kimoja kina mzizi wake wa kuueleza. Kufumba ni kuziba, kama macho au mdomo; fumbo ni maana iliyozibwa, na kulifumbua ni kuizibua. Ndivyo isemavyo methali: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Kutegua ni kuuondoa mtego uliotegwa, na ndiyo maana kitendawili hutegwa na kuteguliwa, na bomu pia. Kutatua ni kukiondolea kitu utata, kama nyuzi zilizotatana. Ningekuwa mhariri wa ukurasa huo ningeandika "fumbua fumbo", kwa sababu jina na kitenzi vinatoka tumbo moja. "Tegua fumbo" inasemwa sana na siioni kosa. "Tatua fumbo" inaeleweka, ila kwangu mimi inanukia ofisi. Na kwa kazi yenyewe ya kalamu, mliyoisema nyinyi inatosha: kujaza. Chemshabongo ni pana zaidi, inabeba mafumbo, vitendawili na maswali ya hesabu kwa pamoja.

Umeniuliza pia, kwa kunong'ona mwishoni mwa barua, kama kuomba msaada ni kudanganya. Sivyo, na desturi yetu inalijua hilo tangu zamani. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!" Wakishindwa hawafukuzwi. Wanaambiwa watoe mji. Watampa Tanga au Lamu, atakaa kidogo na kuusifu, kisha atawaambia jibu. Msaada upo, ila una bei, na bei yenyewe ni kukiri mbele ya watu kwamba umeshindwa. Gazeti linatoa jibu kesho yake bila kudai hata kijiji. Kwa hiyo kabla ya kesho kufika muulize jirani, fungua kamusi, mpigie mama simu umuulize wao kule huitaje kitu fulani. Huko kwenye simu ndiko maneno kama anua yanakosalia.

Leo jioni, kabla hamjafungua gazeti, mtegee shangazi hili: kinyume cha ezeka, herufi nne. Akishindwa, asiambiwe mpaka atoe mji.