Mwamba hukunjwaje bila kupasuka?

SWALI: Jiwe nikilipiga nyundo linapasuka. Mbona miamba ya milima ya Uluguru ina mikunjo kama kitambaa?

JIBU: Wewe umepiga jiwe baridi, tena ghafla. Ile ilikunjwa kina kirefu ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana polepole. Madini ya kwatzi huanza kulegea kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ingawa hayajayeyuka. Felspa, madini mengine ya mwamba, ni kaidi zaidi, hungoja takriban 450.

Ukitaka sampuli ya kupima, chora juu ya jiwe mshale wa kaskazini na uandike pembe ya mwinamo wa uso wake kabla ya kulibandua. Nyundo ikae mbali na dira, maana chuma huvuta sindano. Maabara hukata kipande chake na kukisugua hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye. Bila mshale, utajua lilikunjwa, si upande lilikosukumwa.