Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Mapishi Yasiyo na Gluteni

SWALI: Shikamoo, Bibi Mwandishi. Binti yangu ana umri wa miaka 9. Baada ya kuumwa tumbo na kukonda kwa muda mrefu, alipimwa damu, kisha akachukuliwa kipande kidogo cha utumbo kwa uchunguzi, na daktari akatuambia kwamba ana ugonjwa wa seliaki, hivyo asile tena kitu chochote chenye gluteni maisha yake yote. Dada yangu anayeishi Uingereza amejitolea kunitumia vitabu viwili au vitatu vya mapishi, lakini anasema dukani vimejaa rafu nzima na hajui achague kipi. Nyumbani kwetu asubuhi ni mahamri kwa mbaazi na jioni ni chapati. Nimwagize vitabu gani?
Mama wa watoto watatu, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa mtihani huu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mpwa wangu ana ugonjwa huo huo, na ninajua inavyouma mtoto anapokaa mbele ya sahani ya mahamri asiyoruhusiwa kuigusa.

Kabla dada yako hajatoa pesa yake, ni vyema muelewe kitabu cha aina hii kinatakiwa kifanye kazi gani. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Ndiyo inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika, na ndiyo inayoizuia hewa ya hamira ndani ya hamri hata likafura na kuwa wazi katikati. Ukiiondoa, unga haushikani, haufuri, na kinachotoka motoni humeguka mkononi kabla hakijafika mdomoni. Kwa hiyo msitazame wingi wa picha za keki. Tazameni kama mwandishi anaeleza ameweka nini mahali pa ile nguvu ya kuvuta, kwa kipimo gani, na kwa sababu gani. Vitabu nitakavyovitaja vyote ni vya Kiingereza.

Cha kwanza ambacho ningemwagiza ni The How Can It Be Gluten Free Cookbook, kilichotolewa mwaka 2014 na America's Test Kitchen, jiko la majaribio la Marekani ambalo hulirudia pishi moja mara nyingi mpaka lijulikane linaharibikia wapi. Kinakufundisha kuchanganya unga wako mwenyewe, na kwa gramu ni takriban hivi: unga wa mchele mweupe 680, unga wa mchele usiokobolewa 213, wanga wa viazi 198, wanga wa muhogo 85 na maziwa ya unga yasiyo na mafuta 21. Kitakachokusumbua kukipata hapo ni wanga wa viazi, kwa hiyo mwombe dada yako akutumie pakiti mbili pamoja na kitabu. Hata hivyo, hazina yake kubwa ni agizo moja fupi: rojo la unga wa mchele lipumzishwe karibu nusu saa kabla ya kuingia motoni, ili chembe za mchele zinywe maji na keki isikwaruze ulimi. Nilipolisoma agizo hilo nilimkumbuka mama yangu, aliyekuwa akiroweka mchele wa vitumbua tangu usiku na kutukataza kuugusa mpaka alfajiri. Sababu ni ile ile, na ninafurahi kuiona imeandikwa na kuelezwa.

Cha pili, ambacho mimi binafsi ninakipenda kuliko vyote, ni Flavor Flours cha Alice Medrich, nacho ni cha mwaka 2014. Mwandishi huyu haulazimishi mtama uwe ngano. Amekigawa kitabu kwa kufuata aina za unga, na utakuta mchele, mahindi, mtama, tefi ya Wahabeshi, nazi na nyinginezo, na kila unga ameupa mapishi yanayoendana na ladha yake. Kwa sisi ambao mtama tunaupata sokoni kwa kilo, hiki ni kitabu cha kutumia siku yoyote bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Zaidi ni cha keki, biskuti na vitamu vingine, basi usitarajie kukuta humo mkate wa asubuhi wa kila siku.

Mkate utaupata katika cha tatu, Baked to Perfection cha Katarina Cermelj, kilichotoka mwaka 2021. Mwandishi wake ni mwanakemia kwa elimu, na anaeleza kwa utulivu kila kiungo kinafanya kazi gani ndani ya donge. Kwa mkate hutegemea sana maganda ya mbegu ambayo sisi tunayajua kwa jina la isabgol, yanayouzwa katika maduka ya Kihindi na ya dawa kwa ajili ya watu wenye tumbo gumu. Yakikutana na maji hugeuka ute mzito, na ute huo ndio unaolishika donge mahali pa gluteni. Binti yako atakapotaka mkate wa kupaka siagi na kubeba shuleni, anzeni na kitabu hiki.

Viko viwili vingine ambavyo dada yako ataviona au kusikia vikitajwa. The Gluten-Free Gourmet cha Bette Hagman, cha mwaka 1990, kimewafungulia njia Wamarekani wengi, na mchanganyiko wake wa unga ni rahisi kukariri: vikombe 6 vya unga wa mchele, 2 vya wanga wa viazi na 1 cha wanga wa muhogo. Ukikipata kwa bei nafuu, chukua. How to Make Anything Gluten Free cha Becky Excell, cha mwaka 2021, ni kizuri kwa anayeishi Uingereza, kwa kuwa mapishi yake mengi yamejengwa juu ya unga wa pakiti uliokwisha changanywa unaouzwa katika maduka makubwa ya huko. Wewe wa Mombasa ungelazimika kuagiza pakiti kila mwezi, kwa hiyo mwambie dada akiache.

Sasa nakuomba ununue na daftari, kwa sababu kuna mapishi ambayo vitabu hivyo havina na wewe unayo. Vibibi, mkate wa kumimina, bajia za dengu, samaki wa kupaka na wali wa nazi havihitaji ngano hata kidogo, ila vipimo vyake viko katika viganja vya wazee na havijaandikwa. Chukua mkate wa kumimina. Roweka mchele gramu 400 usiku kucha, uchuje, kisha usage katika blenda kwa tui zito vikombe viwili visivyojaa sana, hiliki na kijiko kidogo cha hamira. Usage mpaka ukilisugua rojo baina ya kidole gumba na cha shahada usihisi punje hata moja, kwani punje ikibaki, mkate hutoka na chengachenga chini. Acha liumuke, na ulitazame: likishaumuka juu hujaa mapovu madogo, na ukitia kijiko utasikia kama linapumua. Hapo ndipo unapotia sukari gramu 200 na ute mweupe wa mayai mawili uliopigwa, unakoroga taratibu, na kumimina ndani ya sufuria iliyopashwa moto na kupakwa samli. Andika gramu zote, andika na muda uliotumia, ili binti yako atakapokuwa na jiko lake asibahatishe.

Daftari hilo hilo liwe na ukurasa wa tahadhari, maana waandishi wa Marekani na Uingereza hawajui mitego ya kwetu. Wauzaji wengi wa vitumbua huongeza ngano katika rojo ili lishikane. Urojo huzitishwa kwa unga wa ngano, na boko boko ni ngano yenyewe. Mvuje wa unga unaouzwa katika vikopo mara nyingi umechanganywa na ngano, na mchuzi wa soya wa kawaida hali kadhalika. Unga wa uji wa lishe usiununue bila kusoma kilichomo, kwani mara nyingi ngano imo. Unga wa mtama, au wa ulezi ambao nyinyi mnauita wimbi, ukisagwa katika mashine ambayo imetoka kusaga ngano, umeshaharibika kwa mgonjwa wa seliaki. Bora ununue nafaka nzima, uichambue na kuiosha, uianike, kisha uisage nyumbani. Kwa vitu vya pakiti, kiwango cha kimataifa kinachokubalika kuitwa kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Kiasi hicho ni kidogo mno, na ndiyo maana vumbi la mashine si jambo la kupuuzwa.

Nami nilikosea. Mwaka wa kwanza nilimkaangia mpwa wangu bajia za dengu safi kabisa, lakini katika mafuta yaliyokwisha kaanga mahamri asubuhi ile, na usiku hakulala kwa maumivu. Tangu siku hiyo ana karai lake, chujio lake na kibao chake cha kusukumia, kwa sababu mbao hunyonya unga katika nyufa zake na hautoki kwa kuosha.

SWALI: Bibi Mwandishi, nina kitabu cha Kimarekani cha keki zisizo na gluteni. Nimejaribu keki ya unga wa mchele mara tatu, na mara zote imebonyea katikati. Nilifuata vipimo vyote vya vikombe. Je, kitabu ndicho kibovu?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Sidhani. Kikombe cha vitabu vya Marekani huchukua takriban mililita 240, na kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa kidogo au kikubwa kuliko hicho. Hata ukiwa na kikombe chenyewe, unga wa mchele ulioshindiliwa na ule uliomiminwa taratibu haulingani uzito. Katika keki ya ngano tofauti hiyo hufichika, kwa kuwa gluteni hubeba makosa yetu. Katika keki isiyo nayo, kosa dogo huonekana wazi. Nunua mizani ndogo ya jikoni kabla ya kununua kitabu cha pili, na unapochagua kitabu hicho, funua ukurasa wowote dukani: kama hakuna gramu, kirudishe.

Kuna na jambo la mayai. Kitabu cha Kimarekani kikisema yai, kinakusudia yai kubwa lenye gramu 50 hivi bila ganda, na mayai ya kuku wa kienyeji mengi hayafiki hapo. Keki hizi hutegemea yai kusimama, kwa hiyo yavunje mayai yako juu ya mizani na uongeze mpaka uzito utimie. Na kama una kitabu kutoka Australia, kumbuka kwamba kijiko chao kikubwa ni mililita 20, ilhali cha Wamarekani na Waingereza ni mililita 15.

SWALI: Mama, katika duka la vitabu vilivyotumika nimepata kitabu cha mapishi yasiyo na ngano, kwa bei ya chini sana. Ndani kuna mikate ya spelt, ya rai na uji wa shayiri. Mume wangu ana seliaki. Ninaweza kukitumia?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Mwanangu, usimpikie mumeo mikate hiyo. Kisicho na ngano na kisicho na gluteni ni vitu viwili tofauti, na vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa ajili ya watu wanaodhurika na ngano ya kawaida tu. Rai na shayiri zote zina gluteni, na spelt ni aina ya ngano, ingawa baadhi ya waandishi waliiuza kama nafaka nyingine kabisa. Oti nazo huchanganyika na ngano mashambani na viwandani, kwa hiyo asile ila zile zilizoandikwa waziwazi kwamba hazina gluteni, na baada ya kuzungumza na daktari wake.

Ukiona ninakaza kamba, kumbuka elimu hii ilipatikanaje. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa akishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika majira ya baridi ya njaa, baina ya mwaka 1944 na 1945, mkate uliadimika nchini humo, na watoto wenye seliaki, katikati ya dhiki ile, wakawa na nafuu. Mkate uliporudi mezani, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu yake mjini Utrecht, na ngano na rai zilikuwa miongoni mwa nafaka alizoonyesha kuwa zinadhuru. Mtu anayeandika kitabu cha mapishi kwa wagonjwa hawa baada ya kazi ile hana udhuru wa kuweka rai ndani yake.

Kitabu usikitupe, kwani mapishi ya wali, viazi na nyama pengine ni salama. Kaa nacho jioni moja na kalamu nyekundu, upige mkwaju juu ya kila ukurasa wenye spelt, rai, shayiri au kimea, kabla mumeo hajakifungua siku ambayo wewe haupo nyumbani.