Unataka kuwa fundi kompyuta? Soma hii kabla hujashika bisibisi

Vijana wengi wananiuliza waanzie wapi kwenye ufundi kompyuta, na ukiwaangalia tayari wana flashi ya Windows mfukoni, wanaona kazi ndo hiyo, mashine ikisumbua unapiga Windows upya unamkabidhi mtu basi. Jamani hapana. Kupiga Windows mtu yeyote anajifunza ndani ya siku moja, na ndo kichaka wanachojifichia mafundi wabovu, maana mashine ikitoka hapo inakuwa nyepesi siku mbili tatu halafu tatizo linarudi palepale kwa sababu diski ilikuwa inakufa na hakuna aliyehangaika kuiangalia. Kazi yenyewe ni kujua tatizo liko wapi. Kurekebisha mara nyingi ni dakika chache tu, kutafuta ndo kunakula muda.

Kwa hiyo anza na mdomo kabla ya mikono. Mteja akikwambia "imezima tu yenyewe" usiishie hapo, muulize ilianza lini, ilidondoka? ilimwagikiwa? umeme ulikatika? ilianza kuwa nzito kwanza au ilikata ghafla? kuna fundi mwingine ameshaifungua? Uliza kwa upole maana watu wanaona aibu kusema wamemwagia maji. Na kama kweli imemwagikiwa usiiwashe eti uone kama inawaka, hapo ndo madabodi (bodi kuu ya mashine) inapokufa. Chomoa chaja, fungua, tenganisha betri, halafu ndo uanze kusafisha na kukausha.

Tuchukue tatizo moja utakaloletewa sana: mashine inawaka, feni inazunguka, lakini haileti picha. Fundi mgeni anakimbilia kusema madabodi imeungua. Tulia. Kama ni laptop chomeka skrini ya nje kwanza, ikileta picha huko basi mara nyingi ugomvi uko kwenye skrini au kebo yake, si madabodi. Isipoleta, zima, toa umeme na betri, chomoa RAM (vile vipande vya kumbukumbu ya muda), futa yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa, rudisha kipande kimoja tu, jaribu, hamisha tundu, jaribu tena. Utashangaa ni mashine ngapi zinafufuka hapo hapo. Ikipiga milio ya bipu hesabu milio, lakini usikariri maana yake kichwani, kila mtengenezaji wa BIOS (programu ya kwanza kuamka ukiwasha mashine) ana lugha yake, tafuta ya modeli hiyo. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha vitatu ikapona hujajifunza chochote na mteja umemlipisha vifaa viwili vya bure.

Kingine kinachochekesha kidogo, mtu anakuja analalamika intaneti yake mbovu, kila tovuti inamwambia muunganisho si salama, ameshabadilisha hadi mtandao. Angalia saa ya kompyuta. Kama tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, ni kale kabetri ka duara kwenye madabodi, CR2032 ya volti 3, kameisha. Tarehe ikiwa ya uongo brauza inaona vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika au vimepitwa, inakataa kufungua. Kabetri kadogo tu, na kuna watu wangeshaipiga Windows mara mbili.

Sapulai (boksi la umeme) ya kompyuta ya mezani ipime kwa mita, inatoa volti 12, 5 na 3.3, ukikuta zimeshuka sana umepata mchawi. Ila boksi lenyewe usilifungue ukiwa bado unajifunza, kapasita za ndani zinabaki na chaji hata ukishachomoa umeme. Betri ya laptop iliyovimba nayo usiitoboe wala kuibonyeza irudi bapa, inashika moto.

Sasa data. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibu majina ya watu. Mashine inaweza kununuliwa nyingine, picha za mtoto wake hazinunuliki. Kabla hujagusa chochote uliza, kuna vitu humu unavihitaji? una bakapu? Jibu likiwa hapana, kopi kwanza ndo uendelee. Diski ukiihisi nzito isome hali yake kwa programu kama CrystalDiskInfo, ukiona sekta mbovu (sehemu za diski zisizosomeka) zinaongezeka usiipige chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), unaikamua diski mgonjwa inaweza kukata roho katikati. Vuta data kwanza. Kama inagonga tak tak tak, zima kabisa, mwambie mwenyewe ukweli kwamba inahitaji wataalamu wa kuokoa data, usijifanye shujaa. Halafu kuna hii BitLocker, laptop nyingi za sasa zinakuja diski imefungwa kwa usimbaji na mwenyewe hajui, wewe unaingia BIOS unabadilisha mipangilio miwili, ukiwasha inadai funguo ya tarakimu 48. Mwambie mteja aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft ahakikishe funguo ipo KABLA hujagusa. Na mafaili ya watu usiyafungue. Unachungulia picha za mtu za nini?

Kuhusu kusoma, cheti cha CompTIA A+ (mitihani ni miwili) ni kizuri ukitaka kuajiriwa ofisini, lakini usisubiri cheti ndo uanze. Tafuta laptop mbovu ambayo haina mwenyewe, ifungue yote, ifunge irudi. Skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la mashine, kila moja mahali pake, maana zinatofautiana urefu na ndefu ukiiweka kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye madabodi. Jifunze na mtandao, angalau ujue mashine ikijipa anwani inayoanza na 169.254 maana yake haijapewa anwani na ruta, na uking'amua ping (amri ya kujaribu kama mashine nyingine inajibu) kwenda 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google, inapita lakini tovuti hazifunguki kwa majina, angalia DNS (ndo inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba).

Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo wateja wenye mashine za zamani watakuuliza wafanyeje. Usiwaambie tu wanunue mpya. Nyingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, na kama haipo kabisa na mtu kazi yake ni brauza na kuandika barua, Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) pamoja na SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) inamtosha.

Bei mkubaliane kabla ya kufungua, na uchunguzi nao ni kazi, ulipwe hata akiamua asitengeneze. Unapopokea mashine andika namba yake, mikwaruzo iliyopo na kama imekuja na chaja. Unapoirudisha washa mbele ya mwenyewe, jaribuni wote wifi, sauti, kamera, kila tundu la USB, kibodi herufi zote, ifunikeni ilale muone kama inaamka, akiridhika ndo asaini.