Come to the fore: kuibuka, kujitokeza au kuja mbele ya darasa?

Wiki iliyopita niligusia juujuu tu kwamba ule msemo wa Kiingereza, come to the fore, unawasumbua watu wengi kuliko wanavyokubali, basi meseji zikamiminika. Nimechukua chache, zinazofanana nimeziunganisha, na wale mlioniuliza mambo ya visa na ada za shule mnisamehe, mi ni wa lugha tu.

*Ticha, mwanangu wa kidato cha pili kaandika kwenye insha "The teacher told me to come to the fore and write on the blackboard" akakatwa maksi. Kwani fore si mbele?* (Mama wa wawili, Morogoro)

Mama, pole, na mtoto mpe pole yake pia, maana hajakosea sana. Fore ni mbele kweli, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye forehead, paji la uso, na kwenye forefathers, yaani wazee waliotutangulia. Shida ni kwamba siku hizi Mwingereza haitumii kwa mbele ya kawaida, mbele ya darasa kwake ni the front, kwa hiyo mtoto angeandika come to the front na maksi yake angeipata. Fore ikisimama yenyewe utaikuta zaidi kwenye vyombo vya baharini, wao wanasema fore na aft kama mabaharia wetu wanavyosema omo na tezi, halafu utaikuta kwenye huu msemo wetu. Na kwenye msemo hakuna anayetembea kwenda popote. Ni hivi: kitu kilikuwepo siku zote, kiko huko nyuma, hakuna mwenye habari nacho, halafu linatokea jambo linakisukuma mpaka kila mtu anakiona na kukizungumzia. *The shortage of oxygen came to the fore during the pandemic.* Uhaba wa oksijeni hospitalini haukuanza na korona, ulikuwepo miaka nenda rudi, ila korona ndiyo iliyofanya mpaka muuza nyanya ajue bei ya mtungi. Mkielewa hiyo sentensi moja mengine yote ni mteremko.

*Kwa Kiswahili tuandike nini? Mimi huwa natafsiri "kuja juu".* (Mwandishi wa habari anayeanza, Dodoma)

Weee, usithubutu! Ukiandika mbunge fulani kaja juu bungeni, msomaji ataelewa kafoka, atataka kujua katukanwa nini. Likiwa suala sema limeibuka au limejitokeza, kikiwa kipaji kimejitokeza au kimeonekana, akiwa mtu ameibuka, au jina lake limeanza kuvuma. Mimi mwenyewe napenda kuibuka kuliko zote, maana kitu kinachoibuka kilikuwa chini ya maji, kilikuwepo ila hukioni, na hapo ndipo tunapokutana na Waingereza japo njia ni tofauti, wao kitu kinatoka nyuma kinakuja mbele, sisi kinatoka chini kinakuja juu ya maji. Ila angalia mtego: "ameibuka mshindi" sio come to the fore hata kidogo, hiyo ni emerged as the winner, usije ukaandika came to the fore winner halafu ukasema ticha ndiye aliyenifundisha.

*Nimeandika "Kipchoge came to the fore in 2019 when he ran the marathon in under two hours". Ni sawa?* (Shabiki wa riadha, Eldoret)

Sarufi safi kabisa ndugu yangu, historia ndiyo imekuponyoka, na wewe wa Eldoret nilitegemea unifundishe mimi. Kipchoge aliibuka 2003 kule Paris, kijana wa miaka 18, mashindano ya dunia ya mita 5,000, akawapita El Guerrouj na Bekele ambao ndio watu wote walikuwa wanawaangalia. Hapo ndipo unaandika *Eliud Kipchoge came to the fore in 2003, when he won the world 5,000 metres title in Paris.* Ile ya Vienna, 1:59:40, ilikuja miaka 16 baadaye, na mwaka mmoja kabla yake alishavunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin, sasa mtu wa namna hiyo anaibuka vipi tena? Alishakuwa mbele anatusubiri. Ya Vienna sema made history. Msemo huu unashika ule mwanzo wa kuonekana, haushiki kilele.

Kuna na jambo la nani ameona. Abdulrazak Gurnah alianza kutoa riwaya 1987, wasomaji wa Uingereza walishamjua zamani, sasa ukiandika came to the fore in 2021 bila kusema wapi, wao watakushangaa. Lakini sisi huku wengi wetu, tuseme ukweli, jina tulilisikia siku ile ya Nobeli, tukaanza kugombania kama ni wa Zanzibar au wa Uingereza. Basi ongeza mahali: *In Tanzania, his name came to the fore after the 2021 Nobel Prize.* Umeona, maneno mawili tu ya mwanzo na hakuna wa kukubishia.

*Naomba kazi, nimeandika "I want to come to the fore in your company". Inavutia?* (Mhitimu, Mwanza)

Inatisha mdogo wangu. Bosi akiisoma anaona mtu anayetaka kuonekana, na mabosi wengi nafasi ya kuonekana wameshajiwekea wenyewe. Halafu kwa kawaida huu msemo hautumiki kwa kutaka, mtu hapangi kuibuka, ni tukio ndilo linalomwibua. Kwenye barua usijiweke wewe, weka sifa yako, na tukio liwepo: *My organising skills came to the fore when I ran the blood donation week at college.* Hapo umejisifu bila kujisifu. Na kama kweli hujawahi kuendesha kitu chochote, hata harambee ya mtaani, basi iache, andika sentensi nyingine.

*Ni "has came to the fore" au "has come"? Na inatamkwaje?* (Wengi mno)

Has come. Came ni ya jana peke yake bila has. Ukitaka kumtaja aliyekisukuma kitu mbele tumia bring: *The floods brought the drainage problem to the fore*, kila mvua za masika Dar sentensi hii inafaa bila kubadilisha neno. Kutamka ni kama four, namba nne, ile e ya mwisho ni pambo tu, lakini usiandike come to the four, nimeiona kwenye CV ya mtu mwenye digrii.

*In the limelight ni taa ya ndimu?* (Mpenda filamu, Mombasa)

Hahaa, hata mimi niliamini hivyo mpaka utu uzima. Lime hapa ni chokaa. Zamani kabla ya umeme, kule London tangu 1837, kwenye majumba ya maigizo walikuwa wanachoma donge la chokaa kwa moto wa gesi mpaka linatoa mwanga mweupe mkali, halafu wanammulika mwigizaji mkuu. Kwa hiyo aliye in the limelight anamulikwa na macho ya watu sasa hivi, kwa heri au kwa aibu, awe ameanza leo au ana miaka thelathini kwenye gemu. Come to the fore ni ile hatua ya kutokea.

*Come to light na come to the fore si kitu kimoja?* (Mwanachama wa kikoba, Tabora)

Swali tamu, na kwa kuwa umetaja kikoba ntakujibu kwa kikoba chetu. Tulikuwa na mweka hazina, mtu wa tabasamu, mwezi wa kugawana ukafika hela hazipo. *It came to light that he had been lending our money to his friends.* Hiyo ni siri imefichuka, kabla ya siku ile hakuna aliyejua. Halafu kikao kikaanza, na lile jambo ambalo akina mama walikuwa wanalisema chinichini tangu mwaka jana, kwamba daftari linakaa kwa mtu mmoja tu, likawa ndio mjadala mzima wa jioni: *The question of who keeps the book came to the fore.* Hiyo sio siri, kila mtu alikuwa anaijua ila tulikuwa tunaipita. La kwanza lilifichwa, la pili lilipuuzwa. Mweka hazina mwenyewe hajajitokeza mpaka leo.