Mgonjwa bado yupo, kufunga huku unalia ni kumchuria?

Swali: Mtumishi, mama yetu anaumwa sana na madaktari wameshatuambia tujiandae. Nafunga huku nalia, dada yangu anasema namchuria mama na kwamba sina imani. Biblia inasemaje?

Jibu: Pole sana mpendwa. Dada yako namwelewa, wengi tumelelewa hivyo, ila katazo hilo kwenye maandiko mimi sijaliona, tena Daudi alifanya hichohicho unachofanya. Fungua 2 Samweli 12 kuanzia mstari wa 15. Mtoto wake anaumwa, na nabii Nathani ameshatamka kabisa kwamba atakufa, lakini Daudi anafunga, analala chini usiku kucha, wazee wa nyumba wanakuja kumwinua anagoma, chakula hagusi. Siku ya saba mtoto akafa, watumishi wakaogopa hata kumwambia maana wakati mtoto yu hai tu alikuwa hasikii la mtu. Akawaona wananong'onezana akajua. Akainuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda kuabudu, ndo akaomba chakula. Walivyomshangaa akasema nililia na kufunga wakati yupo kwa sababu nani ajuaye, pengine Bwana angenihurumia.

Kwa hiyo yale machozi ndo yalikuwa maombi yenyewe, na mtu asiye na imani hawezi kumng'ang'ania Mungu hata baada ya nabii kusema. Ila pia mtoto alikufa, na andiko halimlaumu Daudi kwamba hakufunga vya kutosha, so mama akiondoka asije mtu akakubebesha mzigo huo. Na usikubali wanaosema eti ukishazika ufute machozi kama Daudi, maana huyohuyo alipopata habari za kifo cha mfalme Sauli na mwanawe Yonathani alilia na kufunga hadi jioni (2 Samweli 1:12).

Hata Yesu alipoulizwa mbona wanafunzi wake hawafungi alisema siku zitakuja bwana arusi (yaani yeye mwenyewe) ataondolewa kwao, hapo ndo watafunga (Marko 2:20), yaani kufunga na uchungu wa kuachwa kaviweka pamoja.

La mwisho, kama wewe ndo unayemuuguza, unakesha naye, au una sukari au unameza dawa, usikate chakula chote bila kumuuliza daktari. Danieli alipoomboleza wiki 3 aliacha chakula kitamu, nyama na divai (Danieli 10:2-3), mfungo wa namna hiyo unakutosha kabisa.