Bendi ikifiwa, iendelee: ushahidi wangu ni Brothers and Sisters

Wiki hii mmetuuliza: bendi ikifiwa na nguzo yake, iendelee au ivunjwe? Mimi nasema iendelee, na nawapa albamu moja kama ushahidi: Brothers and Sisters ya bendi ya roki The Allman Brothers Band, iliyotoka Agosti 1973.

Makao ya bendi hii yalikuwa Macon, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mji uliomlea mwimbaji wa soul Otis Redding. Oktoba 1971 kiongozi wao, mpiga gitaa Duane Allman, alikufa mjini humo kwa ajali ya pikipiki. Novemba 1972, albamu ikiwa imeshaanza kurekodiwa, mpiga besi Berry Oakley naye akafa kwa ajali ya pikipiki, mitaa michache tu kutoka pale alipogongewa mwenzake. Wote wawili walikuwa na miaka 24. Besi unayoisikia kwenye "Ramblin' Man", wimbo wa albamu hiyo, ni ya Oakley.

Sasa tazameni walichofanya. Sifa kubwa ya bendi ilikuwa magitaa mawili ya solo yanayokwenda bega kwa bega. Kila mtu angetegemea watafute wa kukalia kiti cha Duane. Les Dudek walimwita studio akasaidia gitaa kwenye nyimbo mbili, basi. Aliyeingizwa kwenye bendi ni Chuck Leavell, kijana wa miaka 20, mpiga piano! Huo kwangu ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Mpiga gitaa angepimwa kwa marehemu kila anapopanda jukwaani. Mpiga piano nani atampima kwa Duane?

Sikilizeni "Jessica". Hauna neno hata moja. Dickey Betts, mpiga gitaa aliyekuwa akipiga bega kwa bega na Duane, aliutunga huku binti yake mdogo akicheza mbele yake, akitaka melodi inayopigika kwa vidole viwili, kwa heshima ya mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt, ambaye mkono wake wa kushoto uliungua akabaki akipiga solo kwa vidole viwili tu. Gitaa kavu linafungua, melodi inapokelewa na gitaa la umeme pamoja na piano, kisha Leavell anaachiwa uwanja. Anapiga kwa furaha, bila woga wowote, na Betts anamsubiri amalize ndipo aingie na solo yake. Besi hapo ni ya Lamar Williams, rafiki wa siku nyingi wa mpiga ngoma Jaimoe, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Simsikii mgeni hata mmoja katika wimbo ule.

Albamu ilikaa namba moja Marekani kwa wiki tano.

Wapo watakaonijibu kwamba bendi ilivunjika 1976. Ni kweli, lakini iliyoivunja ni migogoro na dawa za kulevya, si msiba. Na ilirudi, ikaendelea kupiga mpaka Oktoba 2014.